Unene wa Milimita Moja na Nusu

Tulifanya kazi usiku kwa sababu ya treni.
Mchana ilipita nyuma ya maabara na mabehewa ya makaa,
na meza yetu ya chuma, tani mbili,
iliyoelea juu ya mito ya hewa,
ikatetema kwa kiasi cha unywele uliopasuliwa mara mia.
Hiyo ilitosha. Picha ya nuru ikafa.

Basi saa nane, Kolorado imelala chini ya theluji,
Ofelia Vigil anazima taa zote,
anabakisha ile nyekundu ndogo mlangoni.
"Hakuna kukohoa," anasema.
Nasi hatukohoi.

Miali miwili: mmoja umebeba maneno,
mwingine mtupu, hauna hata herufi.
Inakutana ndani ya diski, inagombana,
na ugomvi huo ndio tunaouhifadhi.
Nilimweleza mama hivyo kwenye simu. Akacheka.
"Kumbe mimi na baba yako tulikuwa maktaba."

Diski za wengine huandikwa usoni,
kama mtu anayekwangua jina lake kwenye sufuria.
Yetu iliandikwa ndani kwa ndani,
ukurasa juu ya ukurasa, mahali palepale,
kila mmoja na pembe yake,
mia tatu, pasiwe na unaoukanyaga mwingine.
Ukigeuza kioo chembe tu
huu unazama, ule unaibuka,
mzima, kwa mpigo mmoja, bila kusubiri zamu.

Utomvu aliuchanganya Ofelia mwenyewe,
rangi ya chai iliyopoa.
Baba yake alichoma pilipili mbichi kule Pueblo,
kando ya barabara, katika pipa la waya linalozunguka,
naye alirithi pua ya kujua kitu kinapoiva.
Lakini utomvu ulisinyaa.
Ndiyo aibu tuliyoificha chini ya makoti meupe:
kila ulipoandikwa ulijikunja kidogo,
pembe ikahama,
na ukurasa uliouweka jana
leo unauita, hauitiki.

Huko mijini Bwana Krol alipanda jukwaani,
akainua diski mbele ya wenye fedha:
"Sinema mia mbili katika kiganja!"
Mwakani, alisema.
Mwaka ukaja, akasema mwakani.
Ahadi ni deni, na deni lile
alilikopa yeye, tukalilipa sisi kwa usingizi.

Usiku mmoja tu ilikubali.
Tulihitaji kitu cha kuandika, chochote,
na Ofelia akatoa mkobani daftari la marehemu baba yake:
magunia, bei, nani kalipa, nani kaomba wiki moja,
na pembeni, kwa penseli, mvua.
Tukalitia lote katika nuru.
Tukalisoma tena hadi alfajiri.
Hakuna kosa. Hata doa la mafuta
kwenye ukurasa wa kumi na tisa lilirudi.
Ofelia hakusema neno. Alitoka nje bila koti.

Kampuni ilifungwa siku ya Alhamisi.
Meza waliinunua watu wa vyuma chakavu,
mashine ya kusomea ikafunguliwa, skrubu baada ya skrubu,
kila kioo na mnunuzi wake.

Juzi nimemtembelea.
Diski iko dirishani mwa jiko, imening'inia kwa uzi,
inamwaga ukutani duara la rangi ya chai.
Nimelikodolea macho, kana kwamba nikiinamisha kichwa
kwa pembe inayostahili, nitaiona mvua ile ya penseli.

"Tuliwaambia itadumu miaka hamsini," nikasema.
"Itadumu," akajibu, akinipa sahani.
"Msomaji ndiye aliyekufa mapema."

Ng'ambo ya mashamba treni ikapita.
Tukaacha kutafuna, sote wawili,
tukabana pumzi
mpaka behewa la mwisho.